Umevuka hamsini na bado unataka kushindana? Chukua ramani na dira

Wenzangu wa rika la miwani ya kusomea, leo sizungumzii matembezi ya jioni ya kushusha sukari. Hayo daktari ameshawaambia. Nazungumzia kushindana hasa: kupangiwa dakika ya kuanza, kuandikiwa muda, kupita watu na kupitwa, kisha jina lako litoke kwenye matokeo mahali ulipostahili, hata kama ni mkiani.

Mchezo wenyewe ni orientiringi, mbio za ramani na dira. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Sheffield, kaskazini mwa England, na niliuanza watoto wangu wakiwa tayari wanajitegemea. Waliposikia kwamba mama yao analipia ili akapotee msituni walicheka mpaka machozi. Wacheke tu. Katika michezo yote niliyoigusa tangu nivuke arobaini, huu ndio pekee ambao sijawahi kuhisi nimewekwa pembeni pamoja na wazee wenzangu tupigwe picha na kupewa maji.

Kwa asiyeujua: ramani unakabidhiwa dakika ileile unayoanza, si kabla. Juu yake pamechapwa viduara vya zambarau, na kila kiduara ni kituo chenye bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe. Unavipitia kwa mpangilio uliowekwa, njia unajichagulia mwenyewe, na kila ukifika unachomeka kijiti cha kielektroniki ulichokivaa kidoleni. Aliyetumia muda mfupi ndiye mshindi. Washindani wa kundi moja hawaachiwi pamoja; mnapishana kwa dakika moja au mbili. Ukimwona mtu mbele yako usimfuate, maana huenda yuko kwenye njia nyingine kabisa na anaelekea bondeni kwa shughuli zake.

Katika mchezo huu ukongwe unaanza miaka 35, na makundi yanapanda kwa miaka mitano mitano: W kwa wanawake, M kwa wanaume, yaani W35, W40, M45, hadi waliovuka tisini. Umri unaohesabiwa ni ule utakaoutimiza kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo aliyezaliwa Desemba anahamia kundi jipya tangu Januari. Wazoefu wanalijua hili na wanalipigia hesabu. Mwaka unaoingia kundi jipya wewe ndiye kijana wa kundi lile, na wenzako wengine wanakaribia kutoka. Kama una fedha za safari moja kubwa tu katika miaka mitano, ipange mwaka huo. Na hakuna anayekuzuia kushindana na walio wadogo kwako ukijiamini. Lililokatazwa ni kujifanya mzee kuliko ulivyo.

Ushauri wangu wa kwanza wenye uzito ni huu: usichague njia, yaani ule mfululizo wa vituo uliopangiwa kundi, kwa umri wako kabla hujaijua ramani. Wengi wanadhani W55 au M60 ni njia ya wazee, kwa hiyo itakuwa rahisi. Si kweli. Ni fupi, lakini ugumu wake wa kusoma ramani ni uleule wa vijana. Hapa Uingereza ugumu unapimwa kwa ngazi tano, na makundi ya wakongwe kwa kawaida yako ngazi ya tano, ya juu kabisa: vituo vimefichwa kwenye vishimo na vijilima ambavyo hakuna njia ya miguu inayovifikia. Kwenye mashindano ya kawaida ya klabu njia zinaitwa kwa rangi. Nyeupe ni ya watoto, njano inafuata, kisha chungwa, kisha kijani hafifu, kisha kijani yenyewe na kuendelea. Mtu mzima mgeni aanze na chungwa, hata kama ni mkimbiaji mzuri wa barabarani. Wakimbiaji wazuri ndio hasa wa kuonywa, kwa sababu wanafika mahali pasipo sahihi kwa haraka sana.

Kwa sisi tuliosoma jiografia Afrika Mashariki kuna urithi tuliousahau. Lile swali la usomaji ramani kwenye mtihani wa kidato cha nne, na kontua zake, ile mistari ya kuonyesha miinuko, tulilolichukia, lilikuwa maandalizi. Tofauti ni skeli. Ramani za shuleni zilikuwa 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita. Ramani ya msituni huku ni 1:10,000 au 1:15,000, na ya mbio fupi za mjini ni 1:4,000, kwa hiyo kila jiwe kubwa, ukuta na mtaro umo. Rangi nazo zinachanganya mwanzoni: msitu unaokimbilika huchorwa mweupe, kijani maana yake ni kichaka kinachokuzuia, na njano ni uwanda ulio wazi. Mistari ya kahawia ndiyo kontua, na ndiyo rafiki wa kweli. Njia za miguu huota majani, uzio huondolewa, lakini kilima hakihami.

Macho, jamani. Waandaaji wa mashindano wanalijua tatizo, ndiyo maana kwenye mashindano mengi vijana wanaokimbia njia ndefu hupewa 1:15,000 na sisi tunapewa 1:10,000, na wazee zaidi hata 1:7,500, ili alama zisomeke. Bado haitoshi kwa kila mtu. Ziko dira za kuvaa kidole gumba zenye kioo cha kukuza kilichobanwa juu yake, nami naiona ndiyo ununuzi wa maana kuliko viatu vya bei. Miwani ya kusoma na kuona mbali kwa pamoja ni hatari ukishuka mteremko, kwa sababu ukitazama miguuni ardhi inakuwa ukungu. Wengine hukimbia bila miwani na kutegemea kioo. Jaribu zote mbili kwenye bustani ya karibu kabla ya kwenda mlimani.

Sasa tuje kwenye kinacholeta ushindi, maana nimesema tunashindana. Katika umri wetu kupunguza sekunde kumi kwa kila kilomita ni kazi ya miezi, na goti linaweza kukataa katikati. Kosa moja la dakika nne kwenye njia ya kilomita nne limeshakula dakika nzima kwa kila kilomita. Piga hesabu uone kazi iko wapi. Mimi huwapita wanawake wenye mapafu bora kuliko yangu kwa sababu nasimama. Ndiyo, nasimama. Nikikaribia kituo natafuta kwanza alama ya uhakika iliyo jirani nacho, kona ya ukuta wa mawe au mahali vijito vinapokutana, nailenga ramani na kaskazini, ndipo naingia ndani taratibu. Sehemu ndefu iliyo wazi nakimbia. Kidole gumba hakibanduki pale nilipo kwenye ramani. Ukikihamisha kila unapopita kitu unachokitambua, hata ukijikwaa na kuanguka utajua umeangukia wapi.

Baada ya mbio kijiti chako hutoa muda wa kila kipande, kituo hadi kituo, na matokeo hutolewa hadharani kwa kila mtu. Kaa nayo usiku huo. Usijilinganishe na mshindi kwa jumla. Tazama vipande ambavyo ulikuwa karibu naye na vile ambavyo alikuacha mbali. Penye pengo kubwa, mara nyingi hapakuwa na mbio, palikuwa na kutangatanga. Na ujue kwamba urefu wa njia hupimwa kwa mstari ulionyooka kati ya vituo. Kilomita nne za karatasini zinaweza kuwa tano na nusu za miguuni.

Nafasi za kushindana ni nyingi kuliko wikiendi ulizonazo. Anzia klabu ya eneo lako. Mbio zake ni pauni chache na wageni wanaruhusiwa. Uzuri wa klabu utauona kwenye CompassSport Cup, kombe la klabu za Uingereza. Kila mshindi wa njia hupata alama 100, awe kijana wa miaka 22 au bibi wa miaka 70, na klabu hujumlisha alama za watu wake bora. Klabu isiyo na wazee wanaojua kazi yao haifiki mbali. Hapo ndipo utakapoona vijana wenye misuli wakimbembeleza mama wa watu, "Tafadhali, Jumapili usikose."

Pasaka kuna JK, tamasha kubwa kuliko yote hapa, lenye mbio fupi Ijumaa Kuu, msitu Jumamosi na Jumapili, na mbio za kupokezana Jumatatu. Linakumbuka jina la Jan Kjellström, kijana wa Kiswidi wa familia iliyoanzisha dira za Silva, aliyekuja kuwafundisha Waingereza mchezo huu na akafa kwa ajali ya barabarani mwaka 1967. Makundi yote ya umri yanashindaniwa. Scotland nako kuna Siku Sita, kila baada ya miaka miwili tangu 1977, majira ya joto. Atakayeng'ara anaweza hata kuchaguliwa kwenye mpambano wa wakongwe wa England, Scotland, Wales na Ireland, unaoitwa Veteran Home International. Huko ndiko unakovaa jezi ya taifa ukiwa na mvi. Mimi sijafika, na sijakata tamaa.

Ng'ambo ya bahari, Sweden ina O-Ringen, siku tano kila Julai tangu 1965, maelfu kwa maelfu ya watu wa rika zote.

Kubwa kuliko yote kwetu ni Mashindano ya Dunia ya Wakongwe, WMOC, yanayoandaliwa chini ya IOF, shirikisho la dunia la mchezo huu. Watu wa nyumbani huwa hawaniamini nikiwaeleza: hakuna mchujo wa taifa. Hakuna kamati ya kukuteua, hakuna barua ya chama, hakuna wa kumbembeleza. Una miaka 35 au zaidi, unajisajili kwenye mtandao wa IOF Eventor, unalipa, unakwenda. Mwaka 2022 yalikuwa Vieste, Italia, 2023 Košice, Slovakia, 2024 Turku, Finland, na 2025 Girona, Hispania. Mwaka 2017 yalifanyika Auckland pamoja na Michezo ya Dunia ya Wakongwe, tamasha la michezo mingi.

Nilikwenda Turku. Unaanza na mchujo, na kutokana nao wote mnapangwa kwenye fainali: waliofanya vizuri A, wanaofuata B, kisha C. Hakuna anayerudishwa hotelini kulia. Anayeshinda fainali A ndiye bingwa wa dunia wa kundi lake. Mimi niliangukia B, na hapo nikapitwa na wanawake ambao ninawajua sasa kwa majina, tunaandikiana. Kwenye makundi ya juu kuna watu wa miaka themanini na zaidi. Nilipomwona mmoja akivuka mstari wa mwisho na damu kwenye muundi, mdomo ulinitoka wenyewe: "Shikamoo!" Hakuelewa, akanipungia mkono.

Mbio za mjini zilinipa furaha zaidi ya msitu. Mara nyingi hufanyika kwenye miji ya kale, na mtu aliyekulia vichochoro vya Mkunazini ana kitu mwilini ambacho Mfini wa nyikani hana. Lakini jifunzeni sheria zake. Ukuta uliochorwa kwa mstari mnene mweusi hauruhusiwi kuvukwa hata kama ni wa kimo cha goti, na bustani ya mtu iliyopakwa rangi ya zeituni haikanyagwi. Ukivunja unaondolewa, na uzee wako hautetei.

Mambo ya mwili nitayapitia haraka. Funika miguu yote. Kupe wa misitu ya Ulaya wanabeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ukirudi nyumbani jikague kila mahali. Beba filimbi, milio sita ni kuomba msaada, na kwenye mbio nyingi za milimani hukubaliwi kuanza bila hiyo. Viatu viwe vya meno, vya barabarani vitakuangusha kwenye mizizi iliyolowa. Ukiacha njiani kwa sababu yoyote, pita kwenye meza ya kumalizia ukaripoti. Usipofanya hivyo watu watatoka kukutafuta gizani wakati wewe uko nyumbani unakunywa chai.

Kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda wanaoishi Uingereza, nchi nyingi za mashindano haya zinataka viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku kumi na tano kabla, na miadi ya kiangazi huisha mapema. Jisajili kwenye mbio kwanza, kwa kuwa ada hupanda kila tarehe ya mwisho inapopita, chapisha uthibitisho, uambatanishe na maombi. Na barua ya kueleza sababu ya safari iandike kwa urefu kidogo, maana afisa wa viza akisoma kwamba mama wa miaka hamsini na kitu anakwenda Finland kukimbia porini na ramani, ana haki ya kuuliza mara mbili.