Mashua ya miaka 14: mimi naogopa zaidi rangi ya juzi

Mkuu, umesema mashua unayotaka kununua ni futi 24, ya mninga, ina miaka 14, imepakwa rangi juzi, na mwenyewe anataka milioni 6 pamoja na mashine ya nguvu za farasi 15. Miaka isikutishe, zipo mashua zimewazidi umri vijana wanaozivulia. Mimi kinachonitisha ni hiyo rangi.

Mashua yangu ya kwanza niliinunua Pangani mwaka 2011. Inang'aa! Nikalipa siku ileile, nikajiona mjanja. Wiki ya tatu tunarudi, upepo wa kusi umechachamaa, kijana anayefua maji akaniita, "Kaka, njoo uone." Ubao wa kwanza juu ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo) ulikuwa unapumua: wimbi likipiga ufa unafunguka, likipita unafumba. Tulifika kwa kupokezana kufua. Ilipopandishwa, fundi akauchoma ule ubao kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Kumbe deheni nene (mafuta na chokaa ya kupaka tumbo la chombo) na rangi nzuri vilikuwa vimeshikilia uji.

Kwa hiyo nenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakipwa, chombo kimekaa mchangani, ulale chini ukitazame tumbo. Beba nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kuanzia mkuku kupanda juu: mbao nzima hulia kavu, mbovu huitika bubu kama gunia. Tafuta vitundu vidogo kama kichwa cha pini. Hao ni wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Nje utaona pini, ndani wamechimba mtaro wa kuingia kidole, umepakwa kitu cheupe kama chokaa. Ukivikuta ubaoni, ubao hubadilishwa. Ukivikuta kwenye mkuku, rudi nyumbani, maana kubadilisha mkuku ni kama kuunda chombo upya.

Ndani, inua mbao za kukanyagia uone miguu ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Watu wanalaumu chumvi bure, mbao huozeshwa zaidi na maji ya mvua yaliyotuama humo. Na misumari: ukiona michirizi ya kutu imeshuka kwenye rangi, kwangua mmoja. Kichwa kikibaki mkononi, wenzake ni hivyohivyo.

Muuzaji naye usimwonee. Mashua iliyokaa juu miezi miwili lazima ivuje, mbao zimesinyaa. Mwambie aishushe ilale majini siku mbili. Ifue ikauke, uiache kwa muda wa saa sita, kisha pima kwa kijiti maji ya ngama, yaani pale chini ndani yanapojikusanya. Rudia asubuhi na jioni. Maji yakizidi kupungua, mbao zinavimba na kalafati (pamba ya kuziba kati ya mbao) inashika. Yakibaki palepale, kuna jambo.

Mashine siijui kama ninavyojua mbao. Ila uikute ya baridi. Ukiikuta ya moto, uliza nani kaiwasha na kwa nini. Legeza skrubu ya chini ya gia boksi: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Namba ya mashine ilingane na karatasi, na leseni ya chombo kaiulizie ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla hujatoa shilingi.

Bei siwezi kukusemea. Chukua fundi wa pwani nyingine (wa hapohapo huenda ndiye aliyepaka hiyo deheni), akuhesabie mbao, misumari, pamba na siku zake, kisha uikate hesabu hiyo kwenye milioni 6 mbele ya mwenyewe.

Ninayovulia sasa niliikuta Kipumbwi, rangi imebanduka, inanuka samaki, imerudi kutoka baharini alfajiri ileile. Mzee mwenyewe alinuna nilipotoa bisibisi, halafu akanionyesha mwenyewe ubao mmoja mbovu upande wa tezi, yaani nyuma. Nikaubadilisha huo tu. Sasa tuambie: hiyo yako inaenda baharini kila siku, au imewekwa juu inasubiri mnunuzi?