Kufunga kamba na tanga la mfano wa mtepe: niliyoyapata kwa mikono yangu

Ndugu, picha zako nimezitazama kwa utulivu, moja moja. Unasema mwili wa mfano wako wa mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu chenye mbao za kushonwa, umekwisha, ila tangu uanze kufunga kamba kazi imekuharibikia: kamba ni nene na zina manyoya, mlingoti unalalia tezi (upande wa nyuma wa chombo), na tanga la kitambaa linaning'inia kama shuka iliyoanikwa. Umeuliza utumie gundi gani nyingine. Ningekuwa karibu yako ningekuomba uifunike chupa ya gundi na uiweke mbali, kwa sababu yote matatu yanatokana na jambo moja. Mtepe ni chombo cha kamba. Katika vyombo vingine kamba huja baadaye, mwili ukishasimama kwa misumari. Huku, kamba ndiyo iliyoshika mbao tangu ubao wa kwanza juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Kamba isiyofanya kazi yake kwenye mtepe huonekana mara moja, hata kwa mtu asiyejua lolote la baharini.

Mimi nimejenga miwili. Wa kwanza niliuvunja mwenyewe. Wa pili, wa sentimita 80, ulinichukua miezi kumi na minne, nao ndio ninaousemea hapa.

Kwanza ujue unachoiga. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na kushikizwa kwa vijiti vya mti kati ya ubao na ubao, bila msumari wa chuma. Ushonaji huu ni wa kale sana pwani yetu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unaitaja bandari ya Rhapta, na unaeleza kuwa jina hilo lilitokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji, mmoja wao aliandika kwamba vyombo vya huko ni vikubwa, havina misumari, na mbao zake zimeshikwa kwa kamba. Mitepe ya visiwa vya Lamu na Wabajuni iliendelea na kazi ya kubeba boriti na mizigo mingine mpaka ikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ukipata nafasi ya kwenda Jumba la Makumbusho la Lamu, nenda na rula na daftari. Picha za intaneti hazikuonyeshi upande wa ndani, na ndani ndiko kwenye elimu.

Sasa unene wa kamba. Hapa ndipo wengi tunapokosea, maana tunachukua uzi uliopo nyumbani. Kipimo changu ni 1:25, yaani chombo cha mita 20 kinakuwa sentimita 80. Chukua kamba nene ya kupandishia tanga, ambayo mzunguko wake ni sentimita 12. Gawanya kwa 3.14, utapata unene wa karibu sentimita 3.8. Gawanya tena kwa 25: milimita 1.5. Hiyo ndiyo kamba nene kupita zote kwenye chombo chako. Kwenye picha yako ya tatu, kamba ya demani, ile ya kuvutia pembe ya chini ya tanga, peke yake inaonekana kama milimita 3. Kwa chombo halisi hiyo ni kamba ya kukaribia unene wa mkono, na hakuna baharia angeweza kuivuta akaifunga. Demani na hamarawi zangu (kamba za kugeuzia mti wa juu wa tanga) ni milimita 0.8. Uzi wa kushonea mbao ni 0.3.

Usinunue uzi kwa kuamini maandishi ya kwenye pakiti. Zungushia uzi kwenye penseli mara 20, mizunguko iguse bila kupandana, kisha pima upana wote na ugawe kwa 20. Mizunguko 20 ikichukua milimita 30, uzi wako ni 1.5.

Kamba nene zisokote mwenyewe. Nilitoboa matundu matatu kwenye kibao, nikapitisha kulabu tatu za waya, na kila kulabu nikaifunga uzi wa kitani. Kila uzi nikausokota kuelekea kulia mpaka ukaanza kujikunja wenyewe, halafu nikaziunganisha zote tatu kwenye keekee ya mkono na kuzungusha kuelekea kushoto. Nyuzi zinataka kufunguka upande mmoja, kamba inataka kufunguka upande wa pili, basi zinazuiana na kamba inatulia. Ukiikata haifumuki. Weka uzi wa akiba, kwa sababu kusokota hula urefu: mimi nilianza na mita tatu nikabaki na mbili na kidogo.

Manyoya huondoka kwa moto na nta. Pitisha kamba haraka juu ya mwali wa mshumaa, kisha ivute mara mbili kwenye kipande cha nta ya nyuki, umalizie kwa kuisugua kwa kitambaa kikavu. Rangi niliipata kwa chai ya rangi iliyokolea sana: kamba zilale humo usiku mzima kabla ya nta, zitoke na ule uhudhurungi wa usumba. Nailoni usiiguse. Inang'aa na inateleza kwenye fundo.

Nije kwenye mlingoti, maana huu ndio ulionitia hasara. Kwenye mtepe wangu wa kwanza niliubandika mlingoti kwa gundi, nikakaza kamba za kuushikilia mpaka zikalia kama nyuzi za udi, na kila fundo nikalitia tone la gundi ili lisilegee. Ilikuwa kiangazi. Ulipendeza kweli. Masika yalipoingia, asubuhi moja nikaona omo (upande wa mbele wa chombo) imenyanyuka juu ya kigingi, na ubao wa pili kutoka juu umefunguka mshono wa urefu wa kidole. Nyuzi za kitani na pamba zikinyonya unyevu hunenepa, na zikinenepa hufupika. Kamba zilikuwa zimevuta, mafundo ya gundi hayakuachia hata nukta, basi kilichoachia ni mwili. Sikuweza kulegeza fundo hata moja bila kukata. Nikakata zote, na mlingoti ulipong'oka ukaondoka na kipande cha mkuku.

Kwa hiyo wa pili niliujenga hivi. Mguu wa mlingoti nimeuchonga mraba, ukaingia kwenye kitundu cha gogo dogo lililolala juu ya mkuku, bila gundi. Juu kidogo, mlingoti umefungwa kwa kamba kwenye boriti inayokatiza chombo kutoka ubavu hadi ubavu. Baada ya hapo zinakuja kamba za ubavuni na ya nyuma, na hizi uzifunge kwa zamu. Ukivuta ya kulia kidogo, nenda kushoto, kisha nyuma, urudi. Mlingoti wako unalalia tezi kwa sababu uliimaliza kamba ya nyuma kabla ya zote. Ukaze kiasi kwamba ukiigusa kamba katikati kwa ncha ya penseli inabonyea milimita mbili. Mwisho wake funga fundo linalofunguka, na mkia wa uzi uuache sentimita tano umeviringishwa vizuri. Chombo halisi kilikuwa na mikia hiyohiyo, kwa sababu baharia alihitaji kulegeza na kukaza kila upepo ulipobadilika. Wangu sasa umepita masika mawili. Mara moja tu nililegeza kamba mbili, kazi ya dakika kumi.

Tanga. Hapa naomba uniwie radhi nikirefusha, kwa sababu tanga ndilo lililonifanya niupende mtepe kuliko chombo chochote. Tanga lake halikuwa la kitambaa, na halikuwa la pembetatu kama la jahazi. Lilikuwa la pembe nne, la mkeka. Kitambaa chako, hata ukikichora mistari, kitabaki kitambaa, kwa sababu mkeka una uzito wake na haupepei. Unajipinda wote kwa pamoja.

Nilijaribu njia za mkato. Nilijaribu gunia, nikajaribu karatasi. Mwishowe nikaenda kwa mama mkubwa, ambaye amesuka mikeka maisha yake yote, nikamwonyesha vijiti vyangu na karatasi ya vipimo. Aliangalia jinsi nilivyokuwa nachana ukindu mkavu kwa wembe, akaniambia, "Mwanangu, hapo unauvunja, huuchani. Ulowanishe kwanza, kisha uache ukaribie kukauka." Hilo peke yake liliokoa kazi. Ukindu wenye unyevu kidogo huchanika ukifuata mishipa yake hadi mwisho. Nikatengeneza kichanio: sindano mbili nyembamba zilizochomekwa kwenye kibao zikiwa zimeachana chini ya milimita moja. Unachoma jani karibu na shina, unavuta, unapata uzi wa upana wa milimita 0.8 bila kukisia.

Nyuzi saba zikisukwa zinatoa ukili, yaani mkanda wa msuko, wa upana wa milimita tano hivi. Tanga langu ni sentimita 36 kwa 32, kwa hiyo nilihitaji zaidi ya mita 22 za ukili. Nilisuka jioni, sentimita 50 hadi 60 kwa siku, na siku nilizochoka niliacha, kwa sababu ukili uliosukwa kwa uchovu huonekana umelegea katikati ya uliokazwa. Kisha unaunganisha ukili na ukili kwa kupitisha uzi ndani ya msuko wa kingo, kama inavyoshonwa mikeka yenyewe, ili mshono usionekane juu. Ukingoni kote nikashonea dasi, yaani kamba ya pindo la tanga, ya milimita 0.8. Bila dasi, pembe za tanga zitafumuka siku utakapofunga joshi (kamba ya pembe ya mbele) na demani.

Tumbo la upepo lilikuja kirahisi kuliko nilivyodhani. Nililowanisha tanga kwa kitambaa cha maji, nikalilaza juu ya mto, nikaziwekea pembe uzito wa mawe madogo, nikaliacha usiku kucha. Lilipokauka lilibaki na mviringo wake. Usizidishe. Mkeka haujazi upepo kama kitambaa chepesi, na tanga lenye tumbo kubwa linaonekana kama puto.

Picha niliyoifuata ina foromali, mti wa kuning'inizia tanga, juu na mti mwingine chini ya tanga, nami nikafanya hivyo. Foromali niliitengeneza kwa mti ulionyooka, mnene katikati na mwembamba ncha mbili. Tanga nimelifunga kwa vitanzi vimoja vimoja, kila sentimita moja na nusu, badala ya uzi mmoja unaozunguka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja ukikatika, tanga zima linashuka.

Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, inatoka katikati ya foromali, inapanda hadi kileleni mwa mlingoti, inapita kwenye tundu na kushuka nyuma. Tundu hilo lisugue kwa uzi wenye msasa mpaka liwe laini, maana kamba ya nta itaparuzwa na ukingo mkali. Hamarawi mbili zinatoka ncha za foromali kuja tezi. Wengi huzifunga mwisho zikiwa sawasawa kulia na kushoto, na chombo kinakaa kama picha ya kitabuni. Mimi nilivuta ya kulia zaidi, foromali ikageuka kidogo, kama chombo kinachopokea upepo ubavuni. Badiliko dogo hilo, lakini watu wakiuona sasa huuliza unaelekea wapi.

Usukani sitausemea sana. Chombo hakina chuma, kwa hiyo bawaba ulizoweka ziondoe na uufunge kwa kamba kwenye fashini, ule mti wa wima wa tezi. Na ile shingo ndefu ya omo, ambayo hufananishwa na shingo ya ngamia, usiipake vanishi. Vanishi inaua mti wote. Mafuta yaliyopanguswa yanatosha.

Utauliza ushonaji wa mwili, maana nimeona kwenye picha kuwa mishono yako umeichora kwa kalamu. Sikulaumu, mimi nilitoboa karibu matundu elfu mbili na vidole viliniuma. Lakini kabla hujaendelea na kamba za juu, shona angalau ubao wa juu kabisa kila upande. Ndani, laza kamba ya usumba juu ya kiungo cha mbao mbili, kisha shona juu yake, uzi uende wima na kurudi mshazari, ukaze kila baada ya matundu manne kwa kuchomeka kijiti chembamba kwenye tundu. Kijiti ndicho kinachozuia uzi kurudi. Ukimaliza mshono wa kwanza, ushike ubao kwa vidole viwili uusukume. Utausikia unatoa kidogo na kurudi, bila kufunguka.

Anza na kukata zile kamba za milimita 3, usizihurumie. Kisha nitumie picha ya henza pale inapofungwa chini ya mlingoti, ya karibu kabisa, mizunguko yote ionekane. Nikiiona hiyo nitajua kama foromali itakaa au itateremka.