Kabla hujamwanzishia dapsoni, muulize habari za wajomba zake

Wadogo zangu mnaoripoti vituo vya afya vya Newala, Masasi na Ruangwa, dawa inayomkubali huyu na kumkataa yule mtaikuta mapema kuliko mnavyodhani. Chuoni niliusoma upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisipasuliwe na baadhi ya dawa, kwa ajili ya mtihani. Aliyenifundisha hasa ni kijana mmoja mgonjwa wa ukoma.

Nilimwanzishia dawa tatu za ukoma: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Wiki haijaisha akaja: mkojo umebadilika. Nikamjibu haraka kuwa ni rangi ya rifampisini. Nilikosea, na bado linaniuma. Rifampisini humezwa mara moja kwa mwezi, na mkojo wake ni wa rangi ya chungwa, kwa siku moja au mbili tu. Wa kijana ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, nami sikuomba hata kuuona. Aliporudi macho yalikuwa ya njano, viganja vimepauka, anahema kwa kupanda ngazi za baraza tu. Dapsoni ilikuwa inapasua chembe nyekundu za damu yake. Tuliisimamisha, akaongezewa damu, akaendelea na zile mbili.

Jeni ya upungufu huu iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume huirithi kwa mama, si kwa baba. Basi ulizeni ujombani. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao ukoo wao tangu zamani hufuata mama, habari za wajomba hazipotei. Mama yake kijana alinitajia kaka zake wawili waliowahi kukojoa mweusi baada ya kumeza dawa. Tungemuuliza siku ya kwanza angetuambia.

Penye kipimo, pimeni kabla ya dawa. Damu ikishapasuka kipimo hudanganya: chembe kuukuu zimekufa, zimebaki changa zenye kimeng'enya cha kutosha, na jibu linatoka zuri. Mpimeni tena baada ya miezi mitatu hivi.

Primakwini, dawa ya malaria, nayo inaweza kupasua damu ya watu hawa; lakini ya dozi moja ndogo, 0.25 mg kwa kilo, ya kuzuia malaria isiambukize wengine, WHO inairuhusu bila kipimo. Hiyo isiwatie hofu. Dozi yake ya siku 14, ya kuzuia malaria isirudi, ni jambo jingine.

Kila unayempa dapsoni mweleze rangi zote mbili, ya chungwa na ya chai. Akiona ya chai asimeze kidonge kingine, aje kituoni, hata kama ni usiku.