Bajeti ya mkutano ianze na nauli ya boti

Nina miaka sita nikiwa mshika fedha wa chama chetu cha kitaaluma hapa Unguja, na mkutano mkuu wa kwanza niliousimamia ulituachia deni. Watu 100 waliitikia kwenye kundi la WhatsApp, nami nikaagiza chakula cha watu 100. Waliofika ni 60.

Hesabu yake ni nyepesi, ila inauma. Chukulia ukumbi, vipaza sauti na uchapishaji ni shilingi 1,500,000, na chakula ni 12,000 kwa kila mtu. Wakija 100, kila mmoja anabeba 27,000. Wakija 60, hata chakula kikiagizwa cha 60 tu, inapanda hadi 37,000, kwani mwenye ukumbi hapunguzi bei kwa sababu viti vimebaki vitupu. Tangu siku hiyo ada naipanga kwa idadi ya chini ninayoiamini, na jina haliingii kwenye orodha mpaka pesa iingie. Mpishi nampa arbuni ya idadi hiyo hiyo, halafu namuongezea sahani siku tatu kabla.

Kosa lililonikera zaidi, hata hivyo, halikuwa la chakula. Kila mwaka tulikuwa tukiandika kwenye barua ya mwaliko kwamba mjumbe atajitegemea nauli, tukidhani tunabana matumizi. Mwenzetu wa Konde, kisiwani Pemba, hupanda gari mpaka bandari ya Mkoani, akapanda boti mpaka bandari ya Malindi, akalala Unguja siku mbili, kwa mkutano wa saa sita. Mimi natoka Mwanakwerekwe kwa daladala. Wote wawili tunalipa ada sawa, na yeye ana nauli na malazi juu yake! Hiyo ni dhulma, na niliiandika kwa mkono wangu.

Sasa mstari wa kwanza wa bajeti ni nauli za Pemba. Tunagawa gharama hiyo kwenye ada ya wote, na wanachama wa mjini wanaojiweza huwakaribisha wenzao majumbani. Mwaka mwengine mkutano unakwenda Chake Chake, na sisi wa Unguja ndio tunaovuka.

Tarehe nayo ni pesa. Karibu na 12 Januari boti hujaa wanaokwenda makwao kwa sikukuu ya Mapinduzi. Julai na Agosti kumbi za hoteli zina wageni. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo tazama kalenda kabla ya kulipia chochote. Na bei ya ukumbi iulize ikiwa na kodi ndani; sisi tuliwahi kuletewa kodi siku ya kulipa.

Ahadi ya mdhamini siihesabu mpaka iwe benki. Hesabu huzisoma ukumbini siku hiyo hiyo, kabla ya pilau, na kinachobaki tunakiweka kwa nauli za mwakani.