Kwa wasaidizi wa kisheria wapya Arusha: jueni jalada liko meza ipi

Karibuni kazini, wadogo zangu. Mafunzo mmemaliza, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Kabla wiki haijaisha atawajia mtu mwenye jicho lililovimba, au aliyekombwa fedha zote kwenye simu, au mzazi anayemtafuta kijana wake aliyepakiwa kwenye difenda usiku. Wote watauliza kitu kimoja: niende wapi?

Ukimjibu "nenda polisi" hujamsaidia. Alishafika, akaambiwa kaunta hiyo haihusiki, akaelekezwa kwingine, akakuta mhusika hayupo, akarudi nyumbani. Kesi nyingi ninazoziona zikifa zilikuwa na ushahidi wa kutosha. Zilifia njiani, kati ya meza moja na nyingine. Kazi yetu kubwa, kuliko hata kukariri vifungu, ni kujua meza inayohusika, kumfikisha mtu pale mapema, kisha kulifuatilia jalada lake popote linapokwenda.

Basi anzeni kwa kuujua mpangilio. Mkoa una Kamanda wa Polisi, RPC. Chini yake yuko Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, RCO, na Mkuu wa Usalama Barabarani, RTO. Kila wilaya ya kipolisi ina mkuu wake, OCD, na mkuu wa upelelezi ambaye kila mtu humwita OC-CID. Kituo kinaongozwa na OCS. Huko kwenye kata kuna mkaguzi aliyepangiwa kata, na huyu msimdharau: ndiye anayewajua mwenyekiti wa mtaa, vijana wa ulinzi shirikishi na nyumba yenye ugomvi kila Jumamosi.

Mtu akitoa taarifa kaunta, taarifa huandikwa kitabuni na yeye hupewa namba ya RB. Wengi huikunja ile karatasi na kuiweka mfukoni wakiamini kesi imeanza. RB inathibitisha kwamba taarifa imepokelewa, basi. Jalada la uchunguzi likifunguliwa hupata namba yake, IR, na hukabidhiwa mpelelezi mwenye jina na simu. Mteja wako akiwa na RB bila IR, swali lako la kwanza kwa OC-CID ni hilo hilo: afande, jalada limefunguliwa, na liko kwa nani? Uliza kwa heshima, ukiwa umesimama wima, na usiondoke bila jina.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto, kwa sababu hapo ndipo tunapookoa watu au kuwapoteza. Dawati lilianzishwa ili mwanamke aliyebakwa au mtoto aliyelawitiwa asilazimike kusimulia habari yake kaunta, mbele ya mtu aliyekuja kuripoti kupotelewa na kitambulisho. Lina askari waliofunzwa kusikiliza, na linatakiwa kuwa na chumba cha faragha. Kwa hiyo ukifika na mtu wa namna hii, usimwache aanze kueleza kaunta. Mwambie askari wa zamu maneno machache tu: afande, tunahitaji Dawati la Jinsia. Anayeijua kazi yake atawaelekeza bila kuuliza zaidi.

Yapo mambo ya kutangulia kabla hata ya kituo. Aliyebakwa asioge, asifue nguo. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na vielelezo huoza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Fomu ya PF3 hutolewa na polisi, haiuzwi, na daktari ndiye anayeijaza kuhusu majeraha. Kama mtu anavuja damu, gawaneni: mmoja ampeleke hospitali, mwingine akimbilie PF3 kituoni. Pale penye Kituo cha Mkono kwa Mkono ndani ya hospitali, polisi, daktari na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, na mtu haburutwi kutoka ofisi hadi ofisi.

Ugumu mkubwa huanza baada ya maelezo kuandikwa. Familia hukaa kikao. Mjomba anasema jambo limalizwe nyumbani, upande wa pili unaleta ng'ombe au bahasha, na mama wa mtoto anaacha kupokea simu za mpelelezi. Simameni imara hapa. Kubaka mtoto ni kosa la jinai, shauri ni la Jamhuri, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Lakini pia msiishie kumkaripia yule mama. Mara nyingi anategemea chakula cha nyumba ya mtuhumiwa. Mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, atafutiwe pa kukaa yeye na mtoto. Shahidi mwenye njaa hafiki mahakamani, hata jalada lingekuwa zuri namna gani.

Na ukeketaji, ndugu zangu, uko mlangoni kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wastani wa nchi ni asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, huku Arusha ikiwa asilimia 41. Kanuni ya Adhabu inaliweka kosa hili, kwa msichana wa chini ya miaka 18, kwenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Msimu wa hatari ni likizo ya Desemba. Taarifa ikija Novemba kwamba binti fulani anaandaliwa, msisubiri kosa litendeke: Dawati lina uwezo wa kuchukua hatua mapema, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure. Binti akishakatwa, hata mkamfunga ngariba, hamjamrudishia kitu.

Kikosi cha Usalama Barabarani mtakutana nacho kila wiki, kwa sababu ya toyo, yaani bodaboda. Kijana kagongwa na kifodi, basi dogo la abiria, eneo la Sakina, mguu umevunjika, dereva anaomba wayamalize pale pale na kutoa fedha ya panadol na nauli. Wanapeana mikono. Mwezi mmoja baadaye mguu unahitaji vyuma, dereva hapokei simu, na hakuna ripoti yoyote ya ajali. Waambieni watu wa mitaa yenu, mapema na mara kwa mara: penye majeruhi, trafiki aitwe, ramani ya ajali ichorwe, magari yapigwe picha yakiwa yalipo. Ripoti ya ajali, PF90, ndiyo kampuni ya bima itakayoidai kabla ya kufungua mdomo kuhusu fidia. Bima ya mtu wa tatu ipo kwa ajili ya huyo huyo aliyegongwa, na majeruhi wengi hawajui kabisa kwamba wana haki ya kuidai. Namba ya gari inatosha kuhakiki kama bima yake ilikuwa hai siku ya ajali. Fanyeni hivyo mapema. Ninalisisitiza hili kuliko wenzangu wengi wanavyolisisitiza, maana familia inayouza shamba kumtibu majeruhi huku fidia ikimsubiri ni jambo linaloniuma sana.

Mji wetu una kitu ambacho miji mingi haina, Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia. Sababu yake inaeleweka. Arusha ni lango la Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mgeni aliyeibiwa pasipoti karibu na Mnara wa Saa Jumatatu huenda Alhamisi yuko angani kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Maelezo yake yasipochukuliwa haraka, mlalamikaji ameondoka na kesi imeondoka naye. Wateja wetu hawawi watalii mara nyingi, lakini wapagazi, waongozaji na wapishi wa safari ni watu wetu kabisa. Mpagazi akituhumiwa kuiba kamera ya mgeni, jalada linaweza kuwa kituo hicho wakati ndugu zake wanamtafuta Central, kituo kikuu cha polisi, siku nzima. Ulizeni pande zote mbili kabla hamjasema mtu hajulikani alipo. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON na Arusha itapokea mashabiki wa kila lugha, hivyo kazi ya kituo hiki itaongezeka, na ya kwenu pia.

Wale mtakaopangiwa Longido, Monduli au Ngorongoro, huko kuna kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo, na mtafanya nacho kazi kuliko na dawati lolote. Ng'ombe aliyeibwa jioni anaweza kuwa amevuka mpaka upande wa Namanga kabla ya jua kuchomoza. Mfugaji wa Kimaasai anaijua rangi, pembe na mkato wa sikio wa kila mnyama wake, ila kaunta huandika "ng'ombe 6 wameibwa" na kuishia hapo. Kaa naye chini, mwandike ng'ombe mmoja mmoja: rangi kwa jina analolitumia yeye, chapa iko paja gani, sikio limekatwa vipi. Karatasi hiyo ndiyo itakayotofautisha ng'ombe wake na wa mwingine mnadani. Nyayo nazo hazingoji mvua, hivyo wazee wanaofuatilia watangulie huku kijana mmoja akipiga simu kituoni.

Utapeli wa mtandaoni unaongezeka. Anayetapeliwa kwa simu ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza apige huduma kwa wateja ya mtandao wake muamala uzuiwe kabla fedha haijatolewa kwa wakala, kisha aende polisi na kumbukumbu zote. Asifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaomwaibisha. Namba ya tapeli itumwe pia kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kwa simu iliyoibwa, mpelelezi atahitaji IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwa hiyo fundisheni watu kubonyeza *#06# na kuandika namba ile mahali leo, kabla hawajaibiwa.

Vikosi vingine nitavipitia haraka. FFU ni kikosi cha kutuliza ghasia. Hakipokei malalamiko, na mtu aliyekamatwa nacho hukabidhiwa kituoni, mtafuteni huko. Mbwa wa polisi hufuata harufu, kwa hiyo duka likivunjwa watu wasimiminike ndani kuangalia kilichobaki. Zimamoto na Uokoaji ni jeshi jingine, namba 114. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU ni 113. Dharura ya polisi ni 112.

Kuhusu aliyekamatwa, kumbukeni saa. Mtuhumiwa aliyeshikiliwa ana muda wa msingi wa saa 4 wa kuhojiwa, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria, na anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana. Dhamana ya polisi ni bure. Fika na wadhamini wenye vitambulisho na barua ya mtendaji, zungumza na OCS, na andika saa uliyofika. Mjulishe ndugu yake, mbele yenu wote, kwamba hakuna fedha ya kulipa kwa ajili ya fomu ya dhamana. Ukiyasema hayo kwa sauti ya kawaida, bila kumtuhumu mtu, mara nyingi mambo hunyooka. Yasiponyooka, ofisi ya RPC ina utaratibu wa kupokea malalamiko, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo.

Msiwaendee askari kama maadui. Wengi wa vijana mtakaowakuta kaunta wametoka Shule ya Polisi Moshi si muda mrefu, wana zamu ndefu, na kituo chao huenda kina gari moja. Huyo huyo atawapigia siku moja kusema: dada, kuna mtoto hapa hana mtu, njoo. Lakini askari huhamishwa, na hapo ndipo majalada hupotea. Kila mwisho wa mwezi pitieni daftari lenu: namba ya IR, jina la mpelelezi, meza lilipo jalada, tarehe mliyouliza mara ya mwisho. Mpelelezi akihama, nendeni kwa OC-CID na namba hiyo mkononi mkaulize nani amekabidhiwa. Upelelezi ukikamilika jalada huenda kwa mawakili wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na likifunguliwa mahakamani hupata namba mpya ya kesi. Siku hiyo mwandikieni mteja namba hiyo, jina la hakimu na tarehe ya kutajwa, mkahakikishe kila shahidi anayo, pamoja na nauli ya kufika.