Mswada wa riwaya ya kwanza: mchapaji au mchapishaji?

SWALI: Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, maneno 48,000 hivi, kuhusu familia ya mafundi wa majahazi wa Matondoni. Wahusika wangu wanasema Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Kampuni moja imenipa bei ya kutoa nakala 500, nilipe nusu kwanza. Mwenzangu ninayefundisha naye ananiambia nisitoe hata senti, niutume mswada kwa wachapishaji wa Nairobi. Nimfuate nani? Na je, mswada wangu ukiibwa? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Mwenzio ana haki, ila usitume bado.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu wanaziita kwa jina moja. Mchapaji ni mwenye mashine. Anapokea faili, anapiga chapa, anakukabidhi maboksi, na wateja unawatafuta mwenyewe. Mchapishaji anaweka fedha zake: anamlipa mhariri, mpangaji wa kurasa, mchoraji wa jalada, chapa na usambazaji, kisha anakupa wewe mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Hiyo kampuni iliyokupa bei ni mchapaji, hata kama bango lake linasema vingine. Biashara yake ni halali kabisa. Hasara huja pale mwandishi anapolipia chapa akidhani amelipia uhariri na usambazaji. Waulize swali moja tu: nakala hizo 500 atauza nani?

Kenya, kampuni kama Longhorn, EAEP, Oxford, KLB, Moran na Spotlight hutoa fasihi ya Kiswahili, lakini tegemeo lao kubwa ni vitabu vya shule. Kwa hiyo mhariri anaposoma riwaya yako, jicho moja liko darasani. Anajua kuwa KICD, taasisi ya kukuza mitaala, hupokea vitabu vya kuidhinishwa kutoka kwa wachapishaji, si kwa mwandishi mmoja mmoja, na anajiuliza kama chako kingepita. Ndiyo sababu riwaya ya maneno 110,000, au yenye tukio la chumbani lililoelezwa hatua kwa hatua, hurudishwa hata ikiwa imeandikwa vizuri. Maneno 48,000 hayana taabu. Kama hukuiandika kwa ajili ya wanafunzi, mfikirie pia mchapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Iko vilevile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea miswada isiyochapishwa. Soma tangazo la mwaka husika, maana masharti ya urefu na tarehe yamo humo. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka, kwa hiyo iweke kando kwa sasa.

Kabla ya kuchagua, shika riwaya tano za Kiswahili za miaka ya karibuni na utazame ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina. Mchapishaji na mwaka vimeandikwa hapo. Kampuni ambayo riwaya yake ya mwisho ya watu wazima ni ya miaka 15 iliyopita haitaanza tena kwa sababu yako.

Sasa Kiamu, na hapa ndipo penye kazi. Mzee wako wa Matondoni akisema "Ndoo hapa, mwanangu," yaani njoo, msomaji wa Kisumu ataona ndoo ya maji. Mato na kitwa (macho na kichwa) huenda akavipata, ushairi wa zamani umemzoesha. Ndia, moya na kuya (njia, moja na kuja) atavikisia kwa muktadha. Ukimrundikia vitano katika mstari mmoja, anafunga kitabu. Utaratibu unaokubalika kwa wahariri wengi ni huu: usimulizi wote uwe Kiswahili sanifu, na Kiamu kibaki vinywani mwa wahusika. Halafu kiwe na nidhamu. Fundi akisema "ndia" ukurasa wa 10 na "njia" ukurasa wa 60, mhariri ataliona lile la kwanza kuwa ghalati, na mara nyingi hatakuuliza; atasanifisha mswada mzima. Kinga yake ni karatasi moja yenye safu tatu: neno la Kiamu, neno sanifu, na wahusika wanaolitumia. Iambatishe. Wala usiyaandike maneno hayo kwa italiki. Utawafanya watu wa Lamu wageni katika riwaya yao wenyewe.

Maneno ya ufundi, kama mkuku (uti wa chini wa chombo), taruma (mbao za mbavu zake) na kalafati (kuziba nyufa za mbao), yamo kwenye kamusi lakini wasomaji wengi wa bara hawayajui. Usisimamishe kisa ili uyafafanue. Mwonyeshe fundi akiulaza mkuku kwanza, taruma zikisimamishwa juu yake moja moja, na msomaji atajua mkuku ni nini bila kuambiwa. Faharasa ya maneno 30 mwishoni inatosha kwa yaliyobaki.

Unachotuma ni vitu vitatu. Barua ya nusu ukurasa: jina la riwaya, idadi ya maneno, imelengwa kwa nani, na kwa nini umemwandikia yeye na si mwingine. Muhtasari wa ukurasa mmoja, pamoja na mwisho wa kisa. Waandishi wapya huuficha mwisho ili kumtia mhariri hamu, lakini yeye hanunui kitabu dukani; anataka kujua kama kisa kimefungika. Kisha sura tatu za kwanza, zikifuatana, isipokuwa kampuni imesema inataka mswada mzima. Anayechagua sura tamu za katikati amekiri mwenyewe kwamba mwanzo haujakaa sawa.

Faili iwe moja ya Word, karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili baina ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, na namba za kurasa. Kwa mpangilio huo ukurasa hubeba maneno 250 hivi, kwa hiyo mswada wako utafika kurasa 190. Zima urekebishaji wa tahajia wa Kiingereza kabla ya kuandika, hasa kwenye simu, ambako "na" huweza kugeuka "an" usione. Usitume picha za daftari zilizopigwa kwa simu. Ukitakiwa nakala ya karatasi, tuma nakala, ya asili ibaki Lamu.

Majibu huchukua miezi mitatu hadi sita. Ikipita mitatu, kumbusha kwa mistari miwili. Unaweza kuwaandikia wachapishaji watatu kwa pamoja, mradi kila mmoja umwambie. Mmoja akikubali, waarifu wengine siku hiyohiyo.

Kuhusu wizi: hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na nchini Kenya hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Unaweza kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa mtandao upate cheti, kitakufaa ukizuka ugomvi. Kinacholindwa ni maneno yako, si wazo. Mtu mwingine anaweza kuandika kisa cha mafundi wa Matondoni. Hata hivyo, waandishi wa kwanza hupoteza zaidi kwenye mkataba kuliko kwa wezi.

Chukua mrabaha. Tuseme mkataba unasema asilimia 10 na kitabu ni shilingi 500. Ikiwa ni asilimia 10 ya bei ya dukani, unapata shilingi 50. Ikiwa ni ya mapato ya mchapishaji, na maduka hupunguziwa asilimia 35, basi yeye hupokea shilingi 325 nawe 32.50. Kwa nakala 1,000 ni shilingi 50,000 dhidi ya 32,500, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo hukatwa kabla hujalipwa. Wengi watakupa hesabu ya pili, na si lazima uikatae, ila uijue kabla ya kutia sahihi. Haki za tafsiri, filamu na vitabu vya kielektroniki zitajwe moja moja na mgawo wake. Omba kifungu kinachorudisha haki kwako kitabu kikiisha ghalani na miezi 12 ikapita bila kuchapwa tena. Kifungu kinachomfunga mwandishi ampe mchapishaji huyohuyo vitabu vyake viwili vijavyo, kiondolewe.

Kama wachapishaji wote watakataa na bado unataka zile nakala 500, mlipe mhariri kwanza, kisha uombe ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka KNLS, shirika la maktaba za taifa, kwa jina lako, si la mchapaji. Kurasa zipangwe kwa mafungu ya 16, yaani 160, 176 au 192, la sivyo utalipia karatasi tupu. Kitabu cha gundi peke yake hupata shida kwa unyevu wa pwani na kurasa huanza kung'oka. Ulizia bei ya kushonwa. Chapa 200 uone mwendo wake, na maboksi yakifika yasilale sakafuni wala yasiegemee ukuta wa matumbawe, maana hunywa maji.