Kope Inayolegea Jioni: Niliyojifunza kwa Jicho Langu Mwenyewe

Juma lililopita dada mmoja aliniandikia kwamba mumewe, ambaye ni dereva, huamka macho yakiwa mazima, lakini ikifika alasiri kope ya kulia hushuka na barabara ikawa mbili. Wamekwisha kununua miwani mara mbili bila nafuu. Niliurudia ujumbe huo mara tatu, kwa kuwa ungeweza kuwa wangu wa miaka 6 iliyopita.

Wakati huo nilifundisha darasa la saba, na shida niliigundua nikisahihisha madaftari usiku: kila alama ya vema niliyoiweka kwa wino mwekundu ilizaa pacha, akielea juu kidogo upande wa kushoto. Nikiziba jicho moja kwa kiganja, pacha alitoweka. Nilimweleza hivyo mpimaji wa macho, lakini hakunisikiliza, akaniandikia miwani. Miezi 4 baadaye akaniandikia mingine. Kazini kulikuwa kubaya zaidi, maana mkuu wangu aliwaambia wenzangu, nami nimesimama mlangoni, kwamba ninasinzia darasani kwa ulevi. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu, na neno lile linaniuma hadi leo.

Vitu viwili vikiwa kimoja unapofumba jicho lolote moja, kasoro haiko kwenye lenzi bali kwenye ushirikiano wa macho yote mawili. Kila jicho huzungushwa na misuli 6, na msuli mmoja ukilegea hata kidogo tu, macho hayalengi tena mahali pamoja. Laiti ningeyajua hayo kabla ya kulipia miwani ya pili!

Daktari wa mishipa ya fahamu aliyenipokea mwishowe aliniuliza kwanza shida huanza saa ngapi. Akaniambia nitazame dari bila kushusha macho, na kabla dakika haijaisha kope ilikuwa imefika katikati ya mboni. Akatia barafu ndani ya glavu, akaniwekea juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2, kisha akanipa kioo. Jicho lilikuwa wazi. Nililia mbele yake.

Vipimo vya damu vilithibitisha miastenia gravisi, ugonjwa ambao kingamwili, yaani askari wa kinga ya mwili, hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayoupelekea msuli amri ya kukaza, pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, hivyo msuli huchoka kadiri unavyotumika na hupata nguvu ukipumzika. Baridi huchelewesha kuvunjwa kwa asetilikolini, na vidonge vyangu vya pairidostigmini hufanya kazi hiyo hiyo. Njia hii ilifunguliwa na daktari Mary Walker huko London mwaka 1934, alipoonyesha kwamba sindano ya fisostigmini hurudisha nguvu ya misuli kwa muda. Ninamshukuru kila asubuhi.

Basi, ndugu zangu, pigeni picha ya uso asubuhi, mpige nyingine jioni, na muandike saa. Ugonjwa huu hujificha asubuhi, wakati ambao wengi wetu tunaonana na daktari. Picha ya jioni itasema kwa niaba yenu.

Tena acheni kununua dawa kwa kubahatisha! Kwinini, ambayo kwetu imetibu malaria miaka mingi, inaweza kuuzidisha ugonjwa huu, na vivyo hivyo siprofloksasini na jentamaisini, dawa za kuua bakteria. Mwenye ugonjwa huu amtajie kila mtoa dawa jina la ugonjwa kabla ya kumeza chochote. Akianza kupaliwa na chakula au kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Afanyiwe haraka hiyo pia yeyote anayeanza ghafla kuona viwili huku kichwa kikimuuma vikali, kwa maana hilo laweza kuwa jambo la ubongo.

Nawe dada, mumeo asishike usukani hadi apimwe, hata kama asubuhi anaona vizuri. Picha ya kwanza ipige leo jioni, kabla hajalala.